Mji Tajiri wa Msalaba wa Kweli

Somo: Matendo ya Mitume 21:1-6



Luka ameieleza safari ya Paulo ya kwenda Yerusalemu kwa maneno machache, na mtu asomaye kwa haraka hulipita jambo moja lililo kubwa. Huko Patara Paulo na wenziwe walipata merikebu iliyokuwa ikienda Foinike, wakapanda. Wakakiona kisiwa cha Kipro, wakakiacha mkono wa kushoto, wakatia nanga Tiro. Kwa nini Tiro? Sababu aliyoitaja Luka si sababu ya dini. Merikebu ilikuwa na shehena ya kupakuliwa huko, basi. Nahodha hakumwuliza mtume shauri, wala wapagazi wa bandarini hawakujua ya kuwa katikati ya mitungi na magunia yumo mtu aliyechukua Injili. Biashara ya watu wengine ndiyo iliyomshusha Paulo pwani, akawa mgeni katika mji asiouchagua.

Wala Tiro haukuwa mji mdogo. Someni mlango wa 27 wa nabii Ezekieli, aliyezipanga bidhaa za soko lile moja moja: fedha na chuma, bati na risasi, farasi na nyumbu, pembe na mpingo, kitani nzuri, ngano, asali, mafuta na zeri. Na katikati ya bidhaa hizo, katika aya ya 13, nabii ametaja pia nafsi za wanadamu, zimewekwa pamoja na vyombo vya shaba kana kwamba ni mali ya namna moja. Zamani za Paulo mji ulikuwa bado na sifa yake, hasa kwa nguo zake za rangi ya zambarau. Mgeni mwenye siku chache angekuwa na mengi ya kutazama. Lakini Luka hakuandika kwamba Paulo alitazama nini. Ameandika kwamba waliwatafuta wanafunzi. Neno la Kiyunani alilolitumia ni la mtu atafutaye hata akaona. Maana wanafunzi hawakuwa wamesimama gatini wakiwangoja. Ilipasa kuuliza, na kupita vichochoro, na kubisha milango.

Nataka kulichukua somo hili hata bandari nyingine, iliyo mbali sana nasi, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki: Veracruz, katika nchi ya Meksiko. Nilishuka huko siku moja, merikebu yetu ilipokuwa katika safari ndefu ya bahari. Ilifunga gati asubuhi, nasi tukaambiwa kwamba honi italia jua likikaribia kuchwa, na atakayechelewa ataachwa.

Abiria wa siku moja ni mtu wa namna yake. Hana kazi katika mji, wala hana jamaa, wala hana neno la lugha ya mji ule. Ana saa zake chache na mkoba wake. Hutembea upesi, hutazama mengi, hununua kidogo, na jioni husimama juu ya merikebu akisema, Nimeiona nchi ile. Wengi wetu tulifanya hivyo. Karibu na gati vijana husimama ukingoni mwa bahari wakiwaita wageni watupe sarafu majini. Sarafu ikitupwa, kijana hujitosa, akazama, na punde huibuka nayo mkononi, watu wakacheka na kupiga makofi. Ni kazi ya ustadi, nami simlaumu kijana, kwa kuwa anajua kuogelea kuliko wengi na ana tumbo la kulisha. Lakini nilimtazama yule atupaye. Angaliweza kuinyosha mkono, akampa. Sarafu ni ile ile. Aliona vema zaidi maskini aizamie.

Nilikwenda pia katika mkahawa mashuhuri wa mji, uitwao Parroquia, yaani Usharika, kwa sababu hapo kwanza ulikuwa mkabala wa kanisa la mji. Huko mtu huletewa kahawa nzito kidogo katika bilauri. Akitaka maziwa huigonga bilauri kwa kijiko, na mtumishi huja na birika akamimina maziwa ya moto kutoka juu sana, wala tone halianguki mezani. Meza zote zilijaa. Sijui kama ushariki wowote ulioitwa kwa jina hilo umepata kujaa hivi siku ya kazi. Lakini hilo ni la kupita tu. Jina lililonishika mimi siku ile si jina la mkahawa, ni jina la mji wenyewe.

Mji huo ulipoanzishwa uliitwa Villa Rica de la Vera Cruz. Maana yake ni Mji Tajiri wa Msalaba wa Kweli. Uliitwa wa Msalaba wa Kweli kwa kuwa Hernán Cortés na askari wake wa Hispania walishuka pwani ile siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 22 Aprili 1519. Uliitwa Tajiri kwa sababu ya mali waliyoitumainia katika nchi ile. Fikirini, ndugu, watu hao. Siku ambayo Mkristo hukumbuka jinsi Bwana wake alivyovuliwa nguo zake, wao walitia mguu pwani wakitafuta dhahabu. Na walipotaka kuupa mji jina, hawakuona vigumu kuyafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja. Msalaba ulikuwako juu ya bendera yao. Walishika sala zao. Wala sidhani kwamba wote walikuwa wanafiki, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Mnafiki ajua kwamba anadanganya. Hawa walisema Tajiri na Msalaba kwa pumzi moja, masikio yao yasisikie neno.

Dhahabu waliipata. Moctezuma, mfalme wa nchi ile, aliwapelekea zawadi pwani, na ndani yake mlikuwa na jua la dhahabu na mwezi wa fedha. Mwezi wa Julai 1519 zawadi hizo zilipelekwa Hispania kwa merikebu. Albrecht Dürer, yule mchoraji wa Nürnberg aliyempenda sana Luther, aliziona katika mji wa Brussels mwaka 1520. Akaandika kwamba jua lile lilikuwa na upana wa pima moja kamili, na ya kuwa moyo wake haujapata kufurahishwa hivyo na kitu chochote. Jua lile leo halipo. Na mfalme aliyepelekewa mali hiyo alikuwa nani? Alikuwa Kaisari Karolo wa Tano, yule yule ambaye Martin Luther alisimama mbele yake huko Worms mwezi wa Aprili 1521, akakataa kuyakana aliyoyaandika. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo mji wa Moctezuma ukaanguka, baada ya vita na njaa na ndui. Sisi tunapoisimulia habari ya Worms watoto wetu wa kipaimara, tunasimulia habari ya mlango mmoja wa nyumba ile. Kulikuwa na mlango wa pili, nao ulitazama Veracruz.

Nawakumbusheni jambo jingine. Karibu mwaka mmoja kamili kabla ya Ijumaa Kuu ile, yaani mwezi wa Aprili 1518, Luther alikuwa Heidelberg akijadiliana na ndugu zake Waagustino. Huko alifundisha kwamba ziko namna mbili za kumtafuta Mungu. Namna moja huangalia fahari na nguvu na mafanikio, ikidhani kwamba humo ndimo Mungu alimo. Na mwisho wake hayo maovu nayo hupewa majina mazuri. Namna ya pili humtafuta Mungu mahali alipojificha, katika udhaifu na mateso ya Kristo msulibiwa, nayo haiogopi kulitaja jambo kama lilivyo. Waalimu wengi wameyasoma maneno haya shuleni wakayaona magumu. Mimi niliyaelewa vizuri zaidi nilipokuwa nimesimama katika ngome ya San Juan de Ulúa.

Ngome hiyo imejengwa juu ya kisiwa kidogo mbele ya mji. Ilianza kujengwa katika karne ya 16 kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini. Mtu wa Kilwa au Bagamoyo akiigusa kuta zake atayatambua mawe hayo, maana baba zake waliyajengea nyumba zao. Upande mmoja uko ukuta wenye mapete makubwa ambayo merikebu zilifungwa, na kwa ukuta huo ilipita fedha ya Meksiko, mwaka baada ya mwaka, ikienda Hispania. Baadaye ngome ikawa gereza, ikadumu kuwa gereza hata mwanzo wa karne ya 20. Vyumba vyake ni giza na maji hudondoka darini. Vitatu vina majina ambayo mtu huonyeshwa: kimoja Jehanamu, kimoja Toharani, na kimoja Utukufu. Nilisimama mlangoni pa hicho cha Utukufu. Hewa yake ilikuwa nzito kama ya vile vingine.

Na mbele ya ukuta ule, mwezi wa Septemba 1568, kulikuwa na mapigano kati ya merikebu za Wahispania na merikebu za John Hawkins, Mwingereza, aliyeingia bandarini humo kwa sababu dhoruba imeziharibu merikebu zake. Hawkins alikuwa mtu wa kanisa lililoacha Roma. Katika safari zake aliwaagiza mabaharia wamtumikie Mungu kila siku na kupendana wao kwa wao. Bidhaa yake ilikuwa watu, aliowateka na kuwanunua pwani ya Afrika Magharibi, akawauza katika bandari za Wahispania. Merikebu yake kubwa ilikuwa mali ya malkia wake Elizabeth, tena hapo kwanza ilikuwa imenunuliwa kwa watu wa Ujerumani ya kaskazini, ikabaki na jina la mji wa Lübeck, mji ulioipokea imani yetu ya Kilutheri mwaka 1531. Jina lake kamili lilikuwa Jesus of Lübeck, yaani Yesu wa Lübeck. Merikebu iitwayo Yesu, imejaa watumwa! Iliachwa huko San Juan de Ulúa, imevunjwa kwa mizinga, mbele ya mji wa Msalaba wa Kweli.

Basi mtu asiseme, Hayo ni makosa ya Warumi. Bandari ilikuwa ya Wakatoliki, merikebu ilikuwa ya Waprotestanti, nao waliotiwa minyororo walikuwa Waafrika. Na msomaji wetu wa Mombasa asicheke akidhani mambo haya ni ya mbali, maana kwake iko ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ya mawe ya matumbawe vile vile, iitwayo Ngome ya Yesu. Nayo pia iligeuzwa kuwa gereza, tangu mwaka 1895 hata 1958.

Yohana katika Ufunuo, mlango wa 18, ameandika shehena ya wafanya biashara wanaoulilia Babeli. Iangalieni ile orodha jinsi ilivyopangwa. Dhahabu iko mwanzo kabisa. Kisha fedha, vito, lulu, nguo, pembe, viungo, divai, unga, ng'ombe, kondoo, farasi, magari. Mwisho kabisa, kama kitu kilichotupwa juu ya mzigo mtu alipokwisha kuhesabu, imewekwa miili ya watu na nafsi zao. Ndivyo ilivyokuwa Veracruz. Makumi ya maelfu ya Waafrika walishushwa katika bandari ile, wengi wao kutoka Guinea na Angola, hasa kati ya mwaka 1580 na 1640.

Na hapa nina neno na waalimu wenzangu. Wengi wa watu wale walikuwa wamebatizwa. Huko Luanda walikusanywa makundi makundi kabla ya kupakiwa, wakanyunyiziwa maji, kila mmoja akapewa jina la Kikristo, pasipo kufundishwa kitu. Padre mmoja wa Kijesuiti, Alonso de Sandoval, aliyewapokea Waafrika katika bandari ya Cartagena, aliona uchungu sana kwa jambo hilo, akaandika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1627. Aliwauliza watu walioshuka merikebuni, akakuta kwamba wengi hawakujua maji yale yalikuwa ya nini. Tunapohesabu wabatizwa wetu mwisho wa mwaka na kuzituma hesabu ofisini, na tuikumbuke hesabu ya Luanda. Ilikuwa kubwa, na karatasi zake zilikuwa safi.

Je, pale pwani msalaba ulikuwa jina tu? Hapana, ndugu. Hapo nisingalikuwa na mahubiri, ningalikuwa na mashtaka tu.

Miaka 5 baada ya Cortés, yaani mwezi wa Mei 1524, walishuka huko San Juan de Ulúa watawa 12 wa Mtakatifu Fransisko. Wakauacha pwani mji wa mali, wakashika njia ya kwenda bara kwa miguu, hawana viatu, kanzu zao zimechakaa. Wenyeji walipowaona walisemezana neno moja mara kwa mara: motolinia, motolinia. Mmoja wao, jina lake Toribio, akauliza maana ya neno hilo, akaambiwa kwamba ni maskini. Akasema kwamba basi hilo litakuwa jina lake, kwa kuwa ndilo neno la kwanza alilojifunza katika lugha ile. Na tangu siku hiyo hata kufa kwake aliitwa Motolinia. Mambo mengi aliyoyafundisha hatuyafundishi sisi, wala simsifu kwa kila jambo alilolitenda. Lakini linganisheni majina haya mawili. Askari walipoingia waliita mji Tajiri. Mtawa alipoingia aliwaacha wenyeji wamwite, naye akalipokea jina walilompa. Waalimu waliotumwa katika makabila yasiyo yao watajua uzito wa jambo hilo. Neno la kwanza tulilosikia kwa watu wakitutaja sisi, je, lilikuwa lipi? Na je, tuliuliza maana yake?

Tena yuko mtu mwingine, ambaye habari yake haikosi kusimuliwa huko. Aliitwa Yanga, Mwafrika, na husemwa kwamba alikuwa wa ukoo wa kifalme kwao. Karibu na mwaka 1570 alitoroka utumwani, akakimbilia milima iliyo nyuma ya Veracruz, na kwa muda wa miaka zaidi ya 30 yeye na wenziwe waliishi huko, wakilima mashamba na kuishambulia njia iendayo pwani. Mwaka 1609 jeshi likatumwa kuwaangamiza. Juan Laurencio, padre wa Kijesuiti aliyefuatana na jeshi hilo, aliandika waliyoyakuta. Katika kijiji cha watoro walikuta kanisa dogo. Na mapigano yalipokuwa yakiendelea, Yanga, aliyekuwa mzee wakati huo, alikuwa humo pamoja na wanawake, mishumaa imewashwa, wakiomba.

Nikisoma habari hiyo hushindwa kuendelea upesi. Watu hawa walipata jina la Kristo kutoka kwa nani? Kutoka kwa wale waliowatia minyororo. Walipoivunja minyororo wakakimbia, walikuwa na haki yote ya kuutupa msalaba mtoni pamoja na pingu, na hapana mtu angalishangaa. Hawakuutupa. Waliupandisha mlimani. Na walipofanya mapatano na serikali, kati ya maneno waliyoyadai lilikuwamo la kuwa watu huru, na la kuwa na mji wao wenyewe, na la kupewa watumishi wa dini wa shirika la Mtakatifu Fransisko, wasiwe wengine. Yaani ndugu za Motolinia, wale wasio na viatu. Sisemi kwamba Yanga na watu wake walikuwa malaika. Katika mapatano hayo hayo walikubali kuwarudisha watumwa watakaotoroka baadaye, na neno hilo ni la kusikitisha. Lakini walijua kuuchagua msalaba mmoja na kuukataa mwingine. Walikuwa wamewaona watu wa Mji Tajiri karibu sana, na bado walitambua ya kuwa yule Mtu aliyepigwa mijeledi na kutundikwa hakuwa wa upande wa mwenye mjeledi. Hayo waliyoyajua mlimani hawakuhitaji kufundishwa Heidelberg. Mji wao ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 17, upo hata leo, na tangu mwaka 1932 unaitwa Yanga. Utumwa wenyewe ulifutwa katika nchi yote ya Meksiko tarehe 15 Septemba 1829 na Rais Vicente Guerrero, ambaye naye alikuwa na damu ya Kiafrika. Na katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, watu zaidi ya milioni 2.5 walijitaja kwamba wao ni wa asili ya Afrika.

Siku ile sikufika Yanga, maana ni mbali na bandari, nami nilikuwa na saa mbili tu zilizobaki. Nikaingia katika kanisa kuu la mji. Alikuwamo mama mmoja mzee, rangi yake kama yetu, ameketi peke yake benchi ya nyuma. Nikamwamkia kwa Kiswahili, kwa kuwa sikuwa na lugha nyingine ya kumfaa, naye akanijibu kwa Kihispania, na kila mmoja akaona kwamba mwenziwe hakusikia neno. Akasogea, akanipa nafasi. Baadaye alianza kusema kwa sauti ndogo, nami kwa mwendo wa maneno yake, jinsi yalivyopanda na kutua, nikatambua kwamba ni Baba Yetu. Nikaisema pamoja naye kwa lugha yangu. Tulifika Amina karibu wakati mmoja. Yeye alitangulia kidogo. Mambo yanayoligawanya kanisa lake na letu si madogo, wala sitayaficha mbele yenu ninyi mnaoijua Katekisimo. Lakini mkate wa leo tuliuomba kwa Baba mmoja, naye hakumwambia yeyote kati yetu auzamie.

Basi na tugeuze somo, tulitazame na upande wa pili. Paulo alitafuta, lakini kulikuwa na watu wa kuonekana. Tiro ulikuwa na wanafunzi, na nyumba zao zilikuwa na nafasi, wakamweka mgeni siku 7. Wengi wenu hamtasafiri baharini kamwe. Lakini merikebu huja kwenu. Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, Mombasa, kila juma hushuka mabaharia, Wafilipino na Wahindi na wengine, ambao wamekaa miezi mingi pasipo kusikia kengele ya kanisa. Wengi wao ni Wakristo. Wana saa chache, hawana lugha, na watu wa kwanza kuwalaki langoni pa bandari ni wale wanaotaka fedha zao. Vivyo hivyo katika stesheni za bara, na katika vituo vya magari, na mahali pa minada. Abiria wa siku moja wapo kila mahali. Mwalimu wa mtaa wa namna hiyo ajiulize kama mgeni atafutaye, akiuliza sokoni, ataonyeshwa nyumba gani. Na mzee wa kanisa asimamaye mlangoni Jumapili aangalie ni nani ameketi benchi ya nyuma, kabla sahani ya sadaka haijamfikia.

Wanafunzi wa Tiro hawajulikani majina yao. Luka hakuandika hata moja, wala hakutuambia kanisa lao lilikuwa na jina gani, wala kama lilikuwa tajiri. Walimwonya Paulo kwa Roho juu ya mateso yaliyomngoja Yerusalemu, naye hakugeuka. Merikebu ilipokuwa tayari walimsindikiza nje ya mji, wanaume na wake zao na watoto pia, hata pwani. Wakapiga magoti mchangani wote pamoja, wakaomba. Kisha wakaagana. Paulo akapanda merikebuni kwenda kufungwa, nao wakarudi majumbani mwao.